Mwenye Jukwaa Ndiye Anayeitwa



Kipindi cha simu kinapokuwa hewani, mtangazaji hukaa na kidole karibu na kidude cha kukata laini. Wewe huko nyumbani hukioni. Mtu akipiga simu, akamtaja mwenye kampuni fulani kwa jina na kumwita mwizi, nasi tukamwacha aendelee, barua ya kuitwa kujieleza haitakwenda kwake. Itakuja hapa kituoni. Redio ina leseni, ina masafa, ina ofisi yenye kibao mlangoni. Mpiga simu ana namba ambayo kesho huenda isipatikane. Ndivyo utangazaji ulivyowekewa sheria tangu zamani, na mimi sina ugomvi na hilo. Simu huingia moja moja, tunaisikia inavyoingia. Tukishindwa kuikata, uzembe ni wetu.

Sasa chukua kanuni hiyo uipeleke kwenye tovuti ambayo maelfu ya watu wanaandika kwa wakati mmoja, usiku na mchana, mwenye tovuti amelala. Bado ataitwa yeye? Na akishaitwa, ataulizwa nini: maneno yaliyoandikwa, au jina la aliyeyaandika? Jioni ya leo nataka tukae na hilo swali la jina, kwa sababu kila nikifuatilia kesi za namna hii hapa kwetu naona mazungumzo yanaanzia kwenye maneno na yanaishia kwenye jina.

Twende Dar es Salaam. JamiiForums ilianza mwaka 2006, wakati huo ikiitwa Jambo Forums. Wengi wenu mmeipitia, hata nyie mnaoapa kwamba hamna akaunti. Mtu anaingia kwa jina la kubuni, anafungua uzi, wenzake wanachangia chini yake. Humo kuna mapishi, kuna mpira, kuna ushauri wa mapenzi ambao mwingine afadhali usiufuate, kuna matusi, na kuna nyaraka za ofisi ambazo wakubwa wa ofisi hawakutaka zitoke nje ya kabati. Hizo nyaraka ndizo zilizoipa jina.

Tarehe 13 Desemba 2016 polisi walimkamata mkurugenzi wake, Maxence Melo. Siku tatu baadaye akafikishwa Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, na kesi zikafunguliwa tatu. Mtu akisikia mwenye tovuti amekamatwa atadhani kosa ni kuchapisha uongo au kumkashifu mtu. Lakini mashtaka yale hayakugusa kabisa ukweli au uongo wa kilichoandikwa. Kesi mbili zilikuwa za kuzuia uchunguzi, chini ya kifungu cha 22 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015: polisi walitaka taarifa za wachangiaji walioandika tuhuma dhidi ya kampuni za biashara, ikiwamo kampuni moja ya mafuta, nao hawakupewa. Ya tatu ilikuwa ya kuendesha tovuti ambayo anwani yake haikusajiliwa kwa kikoa cha Tanzania, zile herufi za mwisho za tz.

Kesi hizo zilikwenda karibu miaka minne. Juni 2018 moja ilianguka, Melo akaachiwa huru. Aprili 2020, katika ile iliyohusu kampuni ya mafuta, alitiwa hatiani na kutakiwa kulipa faini ya shilingi milioni 3 au kwenda jela mwaka mmoja. Mwenzake Micke William, waliyeshtakiwa pamoja, akaachiwa. Novemba mwaka huohuo ikamalizika na ile ya kikoa: ana hatia, ila anaachiwa kwa sharti la kutotenda kosa ndani ya mwaka mmoja.

Milioni tatu ni pesa, lakini haiwezi kuua shirika. Aliyewahi kuwa na kesi anajua kinachoua. Leo shahidi hayupo, wiki ijayo jalada halijarudi, mwezi ujao wakili wa Serikali ana udhuru, na wewe kila tarehe unatakiwa uwe pale korido tangu asubuhi, umevaa vizuri, simu umezima. Kazi ya kuendesha tovuti inafanywa na nani? Na mwenye tovuti ndogo kule Mbeya au Morogoro, anayesoma habari hizi kwenye gazeti, anajifunza nini? Anajifunza kwamba siku polisi watakapobisha hodi, afadhali awape kila kitu kabla hawajakaa kitini.

Kinachonishangaza kila nikiirudia sheria ile ni kwamba ngao imo ndani yake. Kifungu cha 39 kinasema mtoa huduma halazimiki kufuatilia kila kinachopita au kuhifadhiwa kwake, wala kuzunguka akitafuta makosa ya watu. Na anayehifadhi maandishi ya wengine hatawajibika kwayo, mradi tu ayaondoe upesi anapopata amri au anapojua kwamba ni haramu. Mtu akikusomea sehemu hiyo peke yake, utadhani Bunge la 2015 liliwafikiria sana wenye majukwaa. Kisha unarudi nyuma kurasa chache, kwenye kifungu cha 32, unakuta kwamba data zikihitajika kwa uchunguzi wa jinai, polisi mkuu wa kituo anaweza kutoa amri ya kuzitaka kwa yeyote aliye nazo. Hakimu hatajwi hapo. Mkuu wa kituo anatosha. Ukikataa, kifungu cha 22 kinakusubiri.

Kwa hiyo juu ya maneno yenyewe sheria imemsamehe mwenye jukwaa. Haikumsamehe juu ya jina. Kampuni ya JamiiForums ilikwenda Mahakama Kuu mwaka 2016 kupinga utaratibu huo, na kifungu cha 32 kimebaki palepale.

Naelewa kuna msikilizaji anayeuliza: kama mtu anasema kweli, kwa nini ajifiche? Mfikirie mhasibu msaidizi katika taasisi ya umma. Ameona hati ya malipo ya mzigo ambao haukuwahi kuingia ghala. Waliotia saini ile hati ni watatu, na mmoja wao ndiye anayejaza fomu yake ya tathmini kila mwaka. Akienda gazetini, mhariri atataka kujua kaipata wapi. Akienda kwa bosi, bosi ndiye wa tatu. Mwaka uleule wa 2015 Bunge lilipitisha pia Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi, na ni sheria yenye nia njema, lakini humlinda anayepeleka taarifa kwenye mamlaka inayohusika. Anayeona kwamba mamlaka inayohusika ndiyo yenye shida, sheria hiyo haimfikii. Huyo ndiye anayefungua akaunti saa sita usiku kwa jina la kubuni. Tukimfundisha kwamba jina lake liko umbali wa barua moja kutoka kituo cha polisi, hataandika tena, na sisi tutakuja kuzisoma habari hizo miaka mitano baadaye kwenye ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, pesa zimeshakwenda.

Nitoke nje ya Afrika kidogo, maana iko kesi ya Marekani inayostahili kusimuliwa hata bila kisingizio.

Oktoba 1994, kwenye huduma moja ya mtandao iliyoitwa Prodigy, mtu asiyejulikana aliandika katika ukumbi wa mambo ya fedha kwamba kampuni ya udalali wa hisa ya Stratton Oakmont, ya New York, ni ya matapeli, pamoja na rais wake. Kampuni ikachukia, ikaenda mahakamani. Mwandishi hakupatikana, basi ikashtakiwa Prodigy, kwa madai ya dola milioni 200. Mwaka 1995 mahakama ya New York ikasema Prodigy inawajibika kama gazeti linavyowajibika. Sababu? Kwa sababu Prodigy ilikuwa na kanuni za adabu, na ilikuwa na watu na programu za kuondoa lugha chafu. Miaka minne kabla yake, huduma nyingine iitwayo CompuServe ilishinda kesi ya namna hiyo kwa sababu haikusafisha chochote. Yaani anayefagia anashtakiwa kwa vumbi lililobaki, na asiyefagia kabisa anakwenda zake nyumbani.

Wabunge wawili, Chris Cox wa chama cha Republican na Ron Wyden wa Democrat, waliona upuuzi huo wakaandika kifungu ambacho mwaka 1996 kikawa sheria. Ndicho kile mnachosikia kikitajwa kama kifungu cha 230. Anayehifadhi maneno ya mwingine hatahesabiwa kuwa ndiye msemaji, na hataadhibiwa kwa kujaribu kusafisha kwa nia njema.

Na ile kampuni iliyochafuliwa jina? Mwaka 1996 chombo kilichokuwa kikisimamia madalali wa hisa kiliifukuza katika biashara, na mwaka 1999 wakubwa wake walikiri mahakamani makosa ya ulaghai. Mkuu wao ni Jordan Belfort, yule aliyechezwa na Leonardo DiCaprio katika filamu ya The Wolf of Wall Street. Mtu yule asiye na jina aliyeandika mwaka 1994 alikuwa amesema kweli. Sisemi kwamba kila anayetuhumiwa mtandaoni ana hatia. Wengi wanazushiwa, na kuzushiwa kunauma. Nasema tu kwamba mwenye hasira na pesa za mawakili huwa wa kwanza kufika mahakamani, awe safi au mchafu.

Turudi nyumbani. Machi 2018 zilitoka Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, chini ya TCRA, mamlaka ileile inayotusimamia sisi wa redio. Mwenye blogu au jukwaa akatakiwa leseni: shilingi laki moja ya maombi, milioni moja ya kuanza, na milioni nyingine kila mwaka. Akatakiwa pia kuondoa maudhui yaliyokatazwa ndani ya saa 12 baada ya kuarifiwa. Asiyetii, faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote. Juni mwaka huo JamiiForums ikazima mitambo kwa muda. Vijana wengi wenye blogu za wilayani, waliokuwa wakiandika habari za barabara na zahanati bila kulipwa na mtu, wao hawakuzima kwa muda. Waliacha.

Mwaka 2020 kanuni ziliandikwa upya, na saa 12 zikawa saa mbili. Jiweke katika nafasi ya kijana wa zamu kwenye tovuti. Ni saa nne usiku. Inaingia taarifa kwamba uzi fulani una maudhui yaliyokatazwa. Uzi una michango mia tatu. Akae asome yote? Ampigie wakili simu usiku huo? Atafuta, hata mimi ningefuta. Atafuta na yaliyokuwa kweli, na hakuna atakayemlaumu kwa kufuta, kwa sababu adhabu ipo kwa anayebakisha tu. Hivyo ndivyo udhibiti unavyofanyika siku hizi bila mkaguzi wa Serikali kugusa kalamu. Na hata kwa leseni na kwa uangalifu wote huo, Septemba 2025, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, TCRA iliisimamisha leseni ya JamiiForums kwa siku 90.

Nimesema sana upande mmoja. Upande wa pili una watu wake, na wana haki ya kusikilizwa.

Profesa Meareg Amare Abrha alikuwa akifundisha kemia katika Chuo Kikuu cha Bahir Dar, Ethiopia, wakati wa vita vya Tigray. Oktoba 2021 yakatokea kwenye Facebook machapisho yaliyoweka picha yake na jina lake, yakimsingizia mambo na kumtangaza kuwa adui. Mwanawe, Abrham, aliripoti. Akaripoti tena. Tarehe 3 Novemba watu walimfuata mzee nyumbani kwake wakampiga risasi. Jibu la kampuni kwamba chapisho moja kweli limevunja kanuni lilikuja mzee akiwa amekwishauawa.

Mtu akinisikia nikitetea ngao ya wenye majukwaa, anaweza kuniuliza ngao hiyo inamwambia nini Abrham. Haimwambii kitu. Ndiyo maana Desemba 2022 yeye na mwenzake, pamoja na Taasisi ya Katiba ya Kenya, walifungua kesi dhidi ya Meta, kampuni inayomiliki Facebook, katika Mahakama Kuu ya Nairobi, kwa kuwa ofisi iliyokuwa ikichuja maudhui ya ukanda wetu ilikuwa Nairobi. Angalia wanachodai. Hawasemi tu kwamba Facebook iliyahifadhi maneno mabaya. Wanasema mfumo wake uliyachagua, ukayasukuma mbele ya macho ya watu wengi zaidi kwa sababu chuki huwafanya watu wabaki kwenye skrini. Hapo mambo yanabadilika. Ile sheria ya Marekani ya 1996 iliandikwa kwa ajili ya anayetunza maneno ya wageni. Anayekaa akipanga neno lipi likufikie wewe asubuhi na lipi lisikufikie anafanya kazi yake mwenyewe, kama mimi ninapochagua simu ipi ipite hewani kwanza. Kwa hiyo kazi ajibu.

Meta ilijibu kwamba mahakama ya Kenya haina mamlaka juu yake, kwani haikusajiliwa Kenya. Ilichukua zaidi ya miaka miwili kufika tarehe 3 Aprili 2025, Jaji Lawrence Mugambi alipoamua kwamba mahakama hiyo inaweza kuisikiliza kesi. Miaka miwili na ushee, na hoja ilikuwa mlango tu.

Hebu weka kesi hiyo na ile ya Melo kando kwa kando. Kampuni yenye watumiaji zaidi ya bilioni mbili inabishana kama inaweza hata kuitwa. Mkurugenzi wa JamiiForums aliitwa, akaja, akalala rumande. Mei 2025 mtandao wa X ulipofungiwa Tanzania, wenye X hawakuonekana Kisutu. Waliokosa ni watumiaji, na waliokuwa na ujuzi kidogo wakahamia kwenye VPN. Sheria zetu zinamshika aliye karibu na mkono. Tunasema tunadhibiti mtandao, kumbe tunadhibiti wale waliokuwa na uzalendo wa kuweka ofisi zao hapa.

Na usidhani jambo hili ni la wakurugenzi tu. Wewe ni admini wa kundi la WhatsApp la ukoo, au la kamati ya harusi ambayo harusi yenyewe ilikwisha na watu hawataki kuondoka. Kabla ya uchaguzi wa 2017 Kenya, Tume ya Uwiano na Utangamano, NCIC, iliwaonya maadmini kwamba wataulizwa kwa uchochezi utakaoenea kwenye makundi yao. India wameshalibishania hilo mahakamani: mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Kerala ilisema admini hawajibiki kwa jinai kwa alichoandika mwanakundi, kwa kuwa kazi yake ni kuingiza na kutoa watu, na hawezi kuuona ujumbe kabla haujatumwa. Hiyo ni busara. Shemeji akituma upuuzi usiku umelala, wa kuulizwa ni shemeji.

Kwangu mimi vitu haviwezi kuwekwa kapu moja. Picha ya utupu ya binti iliyosambazwa na mchumba aliyeachwa iondolewe hapohapo, bila kusubiri mahakama. Hakuna mjadala wa umma uliomo ndani yake. Tishio la kuua, vivyo hivyo, na hapo hata saa mbili ni nyingi. Lakini tuhuma dhidi ya kampuni, waziri au mkuu wa idara, hata ikiwa na harufu ya majungu, isiondolewe kwa simu ya mtu aliyeudhika. Alete hati ya mahakama. Gharama ya kungoja ataibeba, ndiyo, na mara nyingine atakuwa ameonewa kweli. Apewe nafasi ya kujibu mahali palepale alipotajwa, jambo ambalo magazeti yetu ya zamani yalilifanya vizuri kuliko mitandao ya leo.

Na jina, ambalo ndilo nililoanza nalo, litoke kwa amri ya hakimu tu. Hakuna haja ya kuandika sheria mpya. Ni kubadili maneno machache katika kifungu cha 32, pale palipotajwa polisi mkuu wa kituo patajwe mahakama. Polisi watasema hakimu atawachelewesha. Atawachelewesha kidogo, kwa sababu atawauliza: ni kosa gani mnalolichunguza, nani amelalamika, na bila jina hili uchunguzi unakwama wapi? Kwa kifungu kilivyo leo, hakuna anayelazimika kuyauliza hayo kabla barua haijatoka kituoni.